Insha inarudi na maksi zilezile? Jua kwanza tatizo liko wapi kabla hujaanza kurekebisha

Nimesoma drafti nyingi za insha za watu wanaoanza chuo, na wengine wako mwaka wa pili au wa tatu, na kitu kinachoniuma kila mara ni kuona mtu kakesha anarekebisha sarufi, kabadilisha fonti, kaongeza nukuu tatu, afu maksi zinarudi palepale. Huyo sio mvivu. Amerekebisha sehemu ambayo haijaharibika. Tatizo la insha linaonekana huku ila limeanzia kule, kama bomba linalovuja juu ya dari afu maji yanatokea ukutani, kwahiyo hapa nimepanga kwa dalili, yaani kile unachokiona wewe au kile mwalimu alichokuandikia pembeni, na chini ya kila dalili sababu zinaanzia ile ninayoikuta sana mpaka ile ya nadra. Anza na vipimo vyepesi. Nilipoandika SIMAMA, kweli usiendelee peke yako.

Kabla ya yote weka mbele yako karatasi yenye swali, maelekezo ya asaimenti na mwongozo wa kusahihisha kama mlipewa. Swali lenyewe lilivyoandikwa, sio unavyolikumbuka, maana kichwa kina tabia ya kuligeuza swali gumu kuwa jepesi bila wewe kujua.

Dalili ya 1: Umekaa masaa mawili mbele ya skrini na hakuna kinachotoka

Wengi wakifika hapa wanasema "mi sijui kuandika". Mara nyingi sio hivyo, ni kwamba bado huna cha kusema. Jipime hivi: funga vitabu vyote, washa rekoda ya simu, jibu swali la insha kwa mdomo kwa dakika 2 kama unamweleza rafiki. Ukikwama kwenye kuongea basi na kuandika utakwama, rudi ukasome, na safari hii soma ukiwa na swali mkononi, sio kusoma mada nzima kama ya mtihani. Ukiongea vizuri, sikiliza hiyo rekodi uinakili, tayari una drafti mbovu ya kwanza na drafti mbovu inarekebishika.

Sababu inayofuata ni kung'ang'ania utangulizi. Unataka sentensi ya kwanza itoke imenyooka, unaandika unafuta unaandika unafuta, na kiukweli utangulizi ni mgumu kwa sababu unatambulisha kitu ambacho hakijazaliwa. Ruka. Anza na aya ya katikati ile unayoijua zaidi, utangulizi uandike mwishoni.

Ya nadra kidogo ni kutolielewa swali kabisa. Hapo muulize mwalimu, ila usiende na "naomba unielezee swali", nenda na "mi nimelielewa hivi na hivi, niko sawa?" Atakujibu kwa sentensi mbili na utaondoka na kitu cha kufanyia kazi.

SIMAMA kama imekuwa wiki kadhaa hulali, huli vizuri, na kila ukifungua kompyuta moyo unaenda mbio, tena kwa masomo yote sio hili tu. Hilo halitibiwi na mbinu za uandishi. Nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au daktari, na kama dedlaini iko karibu omba kuongezewa muda kabla haijapita, sio baada.

Dalili ya 2: "Hujajibu swali"

Hapa nitakaa sana maana ndo chanzo cha nusu ya matatizo mengine yote yanayofuata, mtu anaambiwa hana mtiririko, hana hoja, ameenda nje ya mada, na ukirudi nyuma unakuta alipotea siku ya kwanza alipolisoma swali.

Sababu namba moja ni kusoma mada na kuruka kitenzi. Swali lina vitu vitatu, kitenzi cha amri, mada, na mipaka, na vyote vitatu vina maksi. "Eleza" inataka uoneshe kitu kikoje na kwa nini kiko hivyo. "Linganisha" inataka vitu viwili vikae pamoja ndani ya aya moja, sio kurasa 3 za kitu A afu kurasa 3 za kitu B na mwalimu ajilinganishie mwenyewe. "Changanua" ni kukivunja kitu vipande uoneshe vinavyofanya kazi pamoja. "Jadili" inataka pande zaidi ya moja na mwisho useme unasimama wapi. "Tathmini" inataka uamuzi, tena uamuzi wenye kipimo, kwa kiasi gani, kwa nani, katika hali gani.

Chukua swali hili: "Tathmini ni kwa kiasi gani kupiga marufuku simu darasani kunaboresha umakini wa wanafunzi wa sekondari." Mwanafunzi anaona neno simu, anafurahi, anaandika simu ilivyoanza, faida za simu, hasara za simu, simu na maadili ya vijana, anamaliza na "kwa ujumla simu ni nzuri ikitumika vizuri". Kila sentensi inaweza kuwa kweli na bado amepata maksi ndogo. Swali halikuuliza kuhusu simu, liliuliza kuhusu kupiga marufuku. Halikuuliza maadili wala matokeo ya mtihani, liliuliza umakini. Halikugusa chuo, lilisema sekondari. Na liliuliza kwa kiasi gani, kwahiyo jibu lazima lionekane kama kipimo: kunaboresha sana, au kidogo, au kunaboresha pale tu panapokuwa na jambo fulani.

Kipimo chepesi: mpe mtu ambaye hajaliona swali asome utangulizi na hitimisho lako tu, afu akisie swali lilikuwa nini. Akikisia "ni kuhusu simu" umeshajua tatizo liko wapi. Akikisia karibu na swali lenyewe, insha yako inaangalia inakotakiwa.

Sababu ya pili ni kuandika unachokijua badala ya kilichoulizwa. Ulishajiandaa na notisi nzuri za mada fulani na inakuuma kuziacha, hivyo unazisukuma ndani kwa nguvu. Nakuelewa, ila aya nzuri isiyojibu swali haina kazi humo. Ihamishe kwenye faili lingine, usiifute kama roho inauma.

Ya tatu ni kuanza vizuri na kutoka njiani katikati. Hiyo inapimwa na muhtasari wa kinyume, nimeueleza kwenye dalili ya 4.

Dalili ya 3: "Unaelezea tu, hoja yako iko wapi?"

Kwanza angalia kama hoja kuu ipo. Hoja kuu ni sentensi moja au mbili zinazojibu swali, kwa kawaida zinakaa mwishoni mwa utangulizi. "Insha hii itajadili athari za kupiga marufuku simu" sio hoja, ni tangazo. "Simu zina faida na hasara" nayo sio hoja, hakuna mtu duniani atakayeipinga. Jaribu hii: "Marufuku inaongeza umakini pale tu shule nzima inapoitekeleza, kwa sababu marufuku ya darasa moja moja inawafanya wanafunzi wazifiche simu badala ya kuziacha." Sasa hapo kuna kitu. Mtu mwenye akili timamu anaweza kukipinga, na neno "kwa sababu" limeshakupangia aya zako zitakazofuata, itabidi uthibitishe kuhusu shule nzima, kuhusu darasa moja moja, na kuhusu kuficha. Ukikosa ushahidi wa mojawapo, unabadilisha hoja, haubadilishi ushahidi.

Mara nyingi sana lakini hoja ipo ila imejificha kwenye hitimisho. Hii naikuta mpaka nimeanza kusoma drafti kuanzia chini. Ni kawaida kabisa, mtu anagundua anachofikiri baada ya kuandika kurasa 4, sentensi nzuri kuliko zote inatokea kwenye mstari wa mwisho na yeye anaiacha hukohuko. Ikate, ipandishe mpaka utangulizi, afu zipitie aya zako upya kuona kama zinaielekea, na andika hitimisho jingine.

Kama hoja ipo mbele na bado unaambiwa unaelezea tu, angalia nukuu zako zinakaa wapi. Nukuu ikifunga aya ina maana umemwachia mwandishi mwingine neno la mwisho. Ushahidi haujiongelei. Baada ya kila nukuu au takwimu jiulize "kwahiyo?" na jibu liandike, angalau sentensi mbili za kwako zinazoonesha huo ushahidi unasaidia nini kwenye hoja yako na unaishia wapi.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaisemi, nayo ni woga. Mwanafunzi anajiona hana haki ya kubishana na profesa aliyechapisha kitabu. Una haki hiyo kama unaonesha kwa nini. Njia rahisi ya kuanza ni kuweka hoja pinzani kwa heshima, iandike kwa nguvu zake zote kama vile mwenyewe angeiandika, afu onesha sehemu moja isiyotosha. Usichague hoja dhaifu ili uishinde, msomaji anaona.

Dalili ya 4: "Haina mtiririko"

Karibu kila mtu akiandikiwa hivi anakimbilia viunganishi. Anamwaga aidha, vilevile, hata hivyo, kwa upande mwingine, na insha inazidi kuwa mbaya. Kiunganishi kinaonesha uhusiano uliopo, hakiwezi kuutengeneza.

Fanya muhtasari wa kinyume. Chukua insha iliyokwisha, kila aya iandikie pembeni sentensi moja fupi ya inachosema, sio inachohusu. "Inahusu walimu" haitoshi, andika "walimu wakiachwa watekeleze marufuku peke yao wanachoka". Afu toa insha, baki na zile sentensi za pembeni tu uzisome kuanzia juu mpaka chini. Aya uliyoshindwa kuiandikia sentensi moja ina mawazo mawili au matatu ndani, ivunje. Aya mbili zenye sentensi ileile ziunganishe au moja iondoke. Aya ukiihamisha popote bila kuharibu kitu, hiyo haijashikana na chochote. Hii inachukua kama nusu saa na ndo dawa ninayoiamini kuliko zote humu.

Mpangilio ukishakaa sawa, angalia sentensi ya kwanza ya kila aya. Ikiwa ni ukweli mtupu, mfano mwaka fulani kitu fulani kilitokea, msomaji hajui unampeleka wapi. Anza na dai la aya hiyo, ukweli ufuate kama uthibitisho. Mwisho kabisa ndo uangalie viunganishi, hasa "kwahiyo" na "hivyo" zilizowekwa mahali ambapo jambo la pili halitokani na la kwanza.

Dalili ya 5: Turnitin imetoa asilimia kubwa, au mwalimu analalamikia marejeleo

Usipanik kwanza. Turnitin ni programu inayolinganisha insha yako na maandishi mengine, na ile asilimia inapima maandishi yanayofanana na yaliyopo sehemu nyingine, haipimi wizi. Fungua ripoti yenyewe uone kilichopakwa rangi. Ikiwa ni orodha ya marejeleo, swali la asaimenti ulilolinakili juu, na nukuu ulizoweka alama za kunukuu na kutaja chanzo, hauna kosa. Na hakuna asilimia moja inayokubalika kila mahali, insha yenye asilimia ndogo inaweza kuwa na aya nzima iliyoibwa na yenye asilimia kubwa ikawa safi, kwahiyo acha kukimbizana na namba.

Kilichopakwa rangi kikiwa ni sentensi zako mwenyewe, sababu ya kawaida ni viraka, yaani umechukua sentensi ya mtu ukabadilisha maneno machache na kuacha mifupa yake. Tuseme chanzo kinasema "wanafunzi wanaokatazwa simu hutafuta njia za siri za kuzitumia", wewe ukaandika "wanafunzi wanaozuiwa simu hutafuta mbinu za siri za kuzitumia". Hiyo bado ni sentensi yake. Soma, funga ukurasa, subiri dakika chache, andika kwa maneno yako kana kwamba unamweleza mtu, afu fungua ulinganishe kama maana imebaki. Na hata ukiandika kwa maneno yako bado unataja chanzo, maana wazo ni la mwenyewe.

Sababu ya pili ni notisi zilizochanganyika, ulikopi kwenye faili na baada ya wiki mbili hujui ipi yako ipi ya kitabu. Kuanzia leo kila unachokopi kiwekee alama za kunukuu na namba ya ukurasa palepale, hata kama ni faili lako la siri. Nyingine ni kutumia tena kazi yako ya zamani, vyuo vingi vinaihesabu kuwa kosa hata kama ni yako, uliza kwanza.

Kuhusu mitindo ya kuandika marejeleo, uliza chuo chako kinatumia upi na toleo lipi, afu baki nao huohuo. APA inataka mwandishi na mwaka, MLA inataka mwandishi na ukurasa, Chicago ina njia mbili, ya tanbihi na ya mwandishi na mwaka, na Harvard haina kitabu kimoja rasmi ndo maana kila chuo kina Harvard yake kidogo. Kosa linalojirudia sana ni jina lililo ndani ya insha kukosekana kwenye orodha ya mwisho au kinyume chake, weka alama ya vema moja moja, utayakuta.

Na hili naomba ulichukulie kwa uzito: ChatGPT na programu za aina hiyo zinaweza kukutengenezea rejeleo lenye jina la mwandishi, mwaka, jarida, kila kitu, na makala hiyo haipo duniani. Kila chanzo kitafute mwenyewe kwenye maktaba au Google Scholar, kama kina DOI, yaani namba ya kudumu ya makala mtandaoni, ifungue. Usichokiona kwa macho yako usikitaje. Na kabla ya kuitumia kabisa soma kanuni za somo lako maana zinatofautiana.

SIMAMA ukiitwa kwa tuhuma za wizi wa kitaaluma. Usifute drafti, usibadilishe faili, usimwandikie mwalimu ujumbe wa hasira usiku. Hifadhi drafti zote, notisi na historia ya matoleo kwenye Word au Google Docs, soma kanuni za chuo, na nenda kwa mshauri wako wa masomo au chama cha wanafunzi kabla ya kikao. SIMAMA pia kabla hujamlipa mtu akuandikie. Mbali na kufukuzwa, huyo mtu anabaki na jina lako na ushahidi mkononi, na wapo waliorudi kudai hela zaidi ili wasiseme.

Dalili ya 6: Maneno hayatoshi, au yamezidi

Insha ya maneno 1500 kwa makadirio ina utangulizi wa maneno kama 150, hitimisho kama 150, zinabaki 1200, sawa na aya 6 za maneno 200. Ukiwa na 900 tu usirefushe sentensi, tafuta aya ipi ina dai bila ushahidi au ushahidi bila uchambuzi, pengo liko hapo. Ukizidisha sana usinyofoe neno moja moja, toa aya nzima ile ya mbali zaidi na swali. Na angalia kama orodha ya marejeleo inahesabiwa, mara nyingi haihesabiwi lakini maelekezo yako ndo yenye neno la mwisho.

Dalili ya 7: "Lugha sio ya kitaaluma"

Isome kwa sauti. Ukiishiwa pumzi kabla ya nukta, sentensi ni ndefu, ikate. Lugha ya kitaaluma sio maneno makubwa, ni maneno yenye mipaka, "tafiti nyingi zinaonesha" bila kutaja hata moja ni mbovu kuliko sentensi ya kawaida yenye chanzo. Kutumia "mimi" kunaruhusiwa kwenye baadhi ya masomo na kukatazwa kwenye mengine, uliza. Kama unaandika kwa lugha ambayo sio ya kwako, kusanya masahihisho ya insha 3 zilizopita, utakuta ni makosa matatu manne yaleyale, yaandike kwenye karatasi na kila insha ipitie mara moja kwa kila kosa.

SIMAMA kama herufi zinachanganyika, unaruka mistari ukisoma, na imekuwa hivyo tangu utotoni licha ya juhudi zote. Inaweza kuwa disleksia. Ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalum inaweza kukuelekeza kwenye vipimo, na ikithibitika unaweza kupewa muda wa ziada.

Dalili ya 8: Umefanya yote na maksi haziongezeki

Chukua insha 2 au 3 zilizosahihishwa, panga maoni yote ya mwalimu kwenye karatasi moja, utaona lipi limejirudia. Nenda nazo kwa mwalimu kwenye muda wake wa kuonana na wanafunzi, au kituo cha uandishi kama chuo kinacho, na usiulize kwa nini nimepata hizi. Fungua aya moja, muulize "hii aya ingefanya nini zaidi ili ipate daraja la juu?" Akijibu, andika maneno yake kama alivyoyasema, na aya hiyohiyo iandike upya siku hiyohiyo kabla hujalala.